Boti ya miaka 40: ninunue ama niachane nayo?

Wiki tatu sijaandika hapa hata mstari mmoja, na safari hii kisingizio changu si kazi wala stima kupotea. Ni boti.

Naam, boti. Iko kando ya hori la Mtwapa, imepandishwa juu ya magogo chini ya mwembe. Ni ya futi 19, ya faiba (si ile faiba ya intaneti, ingawa zote mbili ni nyuzi za kioo!), na iliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nyuma imefungwa injini ya nguvu-farasi 40. Mwenyewe, mzee aliyestaafu, anataka shilingi 380,000. Kwenye akaunti yangu ya pembeni mna shilingi 410,000, jasho la miaka miwili ya kuwatengenezea watu tovuti usiku na wikendi. Nadhani unaona hatari iko wapi.

Mama watoto alipopata habari aliniuliza swali moja tu: "Na karo ya Januari, baba watoto, nayo itaelea?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na nadharia. Sisi watu wa tarakilishi hatukosi nadharia.

Nadharia yangu ilianzia mbali. Mwaka 2000 Joel Spolsky aliandika makala iliyosomwa sana miongoni mwa watunga programu, akiwalaumu Netscape kwa kuamua kuandika upya, tangu mwanzo, programu yao ya kuvinjari wavuti. Hoja yake kwa ufupi: msimbo mzee unaonekana mchafu kwa sababu umebeba marekebisho ya hitilafu mia moja ambazo wewe huzijui. Ukiutupa, umetupa ujuzi wote huo, na hitilafu zitarudi moja moja kukusalimia.

Mimi ni muumini wa hoja hiyo, na imenilisha. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na duka moja la jumla lililokuwa na mfumo wa stoo ulioandikwa kwa Visual Basic 6, lugha ya mwaka 1998. Kila aliyenitangulia alitaka uandikwe upya. Mimi nilikataa. Nilihamisha hifadhidata kwanza, nikarekebisha ripoti moja baada ya nyingine, na mfumo ule unatoa risiti mpaka leo. Kwa hiyo nilipoiona boti ya mzee nilijiambia: chombo kilichokaa miaka 40 kimeshajithibitisha. Kinachohitajika ni matengenezo kidogo kidogo. Rangi, nyaya, usukani, basi.

Nadharia hiyo ilidumu mpaka fundi alipotoa nyundo.

Nilimchukua Jumamosi asubuhi, mzee mwingine wa papo hapo Mtwapa ambaye amekuwa akitengeneza boti tangu kabla sijazaliwa. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, iko wapi hiyo boti?" Nilitarajia aanzie kwenye injini, kama vile ningefanya mimi, kama vile nadhani wanunuzi wengi hufanya. Hata hakuitazama. Alikwenda nyuma, akapiga magoti, akaanza kugonga tezi kwa nyundo ndogo ya plastiki, akisogea sentimita chache kila mara, kichwa amekiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua. Juu ilitoa sauti kali na kavu. Alipofika chini, karibu na bolti za injini, sauti ikawa nzito, butu, kama kugonga papai bivu.

"Umesikia?"

Nilisikia.

Hapa nieleze kidogo, kwa sababu ndipo kisa chote kilipo. Faiba yenyewe haiozi. Ndiyo maana watu hudhani boti ya faiba ni ya milele. Lakini ukuta ule wa nyuma unaobeba injini, kwenye boti nyingi za miaka hiyo, si faiba tupu. Ni mkate wenye nyama ndani: faiba nje, plaiwudi nene katikati, faiba ndani. Mataruma yaliyo chini ya sakafu nayo mara nyingi ni mbao zilizofunikwa faiba. Mradi maji hayaingii, mbao zinakaa miaka na miaka. Ila kila bolti ni tundu. Lakiri ya kuzuia maji ikikauka kwenye tundu moja tu, maji yanaingia taratibu na hayana pa kutokea. Mbao zinaoza gizani, na nje rangi inang'aa.

Na ukuta huo ndio unaobeba injini yenye uzito wa mtu mzima, inayosukuma na kuvuta kila wimbi linapopita. Ukiwa ndani ya hori huenda usione tofauti. Ukitoka mlangoni pa mwamba wakati wa kusi, bahari inapochafuka, boti inainuka na kupigwa chini mara mamia kwa saa. Plaiwudi iliyogeuka uji ikikubali, injini inakwenda na kipande cha boti, na maji yanaingia mahali palipobaki wazi. Mtu aliyefungia watoto wake jaketi za kuokoa maisha mle ndani hawezi kuiita hiyo hitilafu ndogo.

Kwa ruhusa ya mwenyewe, fundi alitoboa tundu dogo upande wa ndani. Keekee ilitoa unga wa rangi ya kahawa, umelowa, unanuka kama chungu cha maua. Akanipa mkononi. Kisha akaingia ngamani na tochi. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na mimi siku hiyo nililisikia neno hilo kwa masikio mapya. Mataruma mawili kati ya manne yalikuwa laini. Povu lililojazwa chini ya sakafu ili kusaidia boti kuelea lilikuwa limekunywa maji, kwa hiyo boti nzima ni nzito kuliko ilivyozaliwa.

Injini? Baada ya hayo hata haikunisisimua. Ni ya viharusi viwili, silinda mbili. Tulipima mgandamizo: silinda moja 115, nyingine 90. Mafundi hutaka tofauti isizidi asilimia 10 hivi, ikizidi sana 15. Mafuta ya gia yalitoka meupe kama chai ya maziwa, maana yake maji yanapenya kwenye sili. Yote hayo yanatengenezeka, na vipuri vya injini za aina hiyo Pwani si shida. Injini hufunguliwa, hubadilishwa, hata huuzwa kando. Tezi haifunguliwi kwa spana.

Nikarudi nyumbani, nikafungua lahajedwali.

Bei ya mzee, 380,000. Kubomoa sakafu, kuondoa povu, kubadilisha tezi na mataruma, fundi alinikadiria 165,000, vifaa na kazi. Injini 70,000 kama kizibo cha silinda hakitaleta mambo. Nyaya mpya, kebo ya usukani, pampu ya ngamani, tangi la mafuta, jaketi, taa: 85,000. Jumla 700,000, na bado sijagusa trela, mlinzi wa kila mwezi, wala ukaguzi na leseni ya Kenya Maritime Authority, wanaosimamia usalama wa vyombo vidogo. Halafu kumbuka hayo ni makadirio. Kila mradi wa programu niliowahi kuukadiria miezi mitatu ulichukua sita. Sioni kwa nini mradi wenye maji ya chumvi uwe mwaminifu zaidi.

Mafuta nayo. Injini ya namna ile ya nguvu-farasi 40, ukiifungua yote, hunywa kama lita 15 kwa saa, na juu yake oili ya kuchanganya, mililita 20 kwa kila lita. Chukua bei ya petroli ambayo EPRA hutangaza kila tarehe 14, uzidishe mwenyewe. Mimi nilizidisha mara moja nikafunga tarakilishi.

Sasa msomaji utaniambia: lakini boti mpya ya ukubwa huo na injini mpya inapita hapo mbali sana! Ni kweli, na hiyo ndiyo hesabu ambayo kila muuzaji wa boti kuukuu anakupa. Mimi naikataa. Kulinganisha na boti mpya ni kulinganisha na kitu ambacho sikuwa na mpango wa kukinunua. Hesabu inayonihusu ni saa nitakazokuwa majini. Toa miezi ya kusi, toa siku za kazi, toa harusi na matanga, toa siku injini itakapokataa kuwaka. Nilipata siku 15 kwa mwaka, na hapo nilijipendelea. Kwa siku 15 ninaweza kukodi boti yenye nahodha anayeijua mikondo, nikashuka jioni nikamwachia yeye kuiosha.

Na ile nadharia yangu? Bado ninaiamini, ila kwenye programu tu. Msimbo hauozi ukiuacha kwenye diski. Ukiharibu, kuna nakala ya akiba. Unaweza kuujaribu pembeni, ukashindwa mara 20 bila mtu kulowa. Boti haina nakala, haina kitufe cha kutendua, na mazingira yake ya majaribio ni Bahari ya Hindi. Zaidi ya hapo, ujuzi uliomo kwenye mfumo wa zamani umeandikwa humo humo, unaweza kuusoma. Ule wa boti haumo kwenye mbao zake. Uko mikononi mwa fundi. Mbao zikiisha hukupoteza chochote isipokuwa mbao, fundi akiisha ndiyo hasara.

Kwa hiyo msimamo wangu, na mnaruhusiwa kunipinga: bei iliyotajwa ni kelele tu. Ukinunua boti kuukuu unanunua tezi na mataruma, mengine yote ni bolti. Vikiwa vizima, hata injini ikiwa maiti, nunua. Vikiwa vimeoza, boti hiyo thamani yake ni ya ganda, hata kama imepakwa rangi jana. Hasa kama imepakwa rangi jana!

Kuna watu ambao hesabu hii haiwahusu, nakiri. Mtu mwenye banda, zana, na Jumamosi 50 zisizo na mwenyewe, ambaye furaha yake ni kazi yenyewe, huyo akilipata ganda bovu kwa bei ya ganda amefanya biashara nzuri. Nina rafiki anayekarabati redio za transista asizozisikiliza kamwe. Namwelewa kabisa.

Nilimrudia mzee nikamweleza yote, na nikampa bei yangu: 150,000, injini abaki nayo. Hakukasirika. Alinyamaza, akaipangusa boti vumbi kwa kiganja, akasema, "Kijana wangu, hii imenisomeshea watoto watatu." Miaka ya 1990 alikuwa akiwapeleka watalii kuvua na kuangalia matumbawe. Nikajua kwamba mimi napigia bei plaiwudi na yeye anauza kitu kingine, na lahajedwali yangu haikuwa na safu ya kitu hicho. Tulikunywa chai. Sikupandisha bei, naye hakushusha.

Nilipokwenda kumlipa fundi ujira wa asubuhi ile alinitazama akacheka. "Wewe hutaki boti. Unataka kujua." Akaniambia nije Jumamosi na shati kuukuu la mikono mirefu.

Jumamosi nne sasa niko naye kwenye boti ya mtu mwingine, tunabadilisha tezi. Nimejifunza kwamba resini ya poliesta haishiki vizuri kwenye mbao zenye unyevu, kwa hiyo unasubiri zikauke hata kama mteja anapiga simu kila saa. Nimejifunza pia kwamba katika joto la Mtwapa ukizidisha kigumishi kidogo tu, kopo zima linageuka jiwe mkononi kabla hujachovya brashi. Vumbi la faiba huwasha siku mbili. Mama watoto ananicheka, lakini karo iko palepale benki.

Jumamosi iliyopita nilimwona mtu akiizunguka boti ya mzee, simu mkononi, akipiga picha rangi. Alitazama injini muda mrefu. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake chini ya mwembe, akitutazama sote wawili. Sikujua kama lilikuwa jambo langu. Nilisimama pale kitambo, halafu nikaenda nikamsalimia mgeni, nikamwazima nyundo.