Mafuta ya Jua Yamfikie na Mtoto wa XP: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri,

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani liliingiza mafuta ya kukinga jua katika orodha yake ya dawa muhimu. Yaliyotajwa kuyahitaji kama dawa, wala si kama kipodozi, ni makundi mawili: watu wenye ualbino, na watu wenye zeroderma pigmentosamu, ugonjwa wa kurithi ambao waganga huuita XP kwa kifupi. Kundi la kwanza Tanzania inalijua. Lina chama chake, lina siku yake kila tarehe 13 Juni, na machungu yake yamefika bungeni. Kundi la pili halina msemaji, ndiyo maana barua hii imeandikwa, tena kwa kuitazama wilaya ya Kyela, kando ya Ziwa Nyasa.

Kyela ni bonde la jua. Tambarare yake, kati ya Milima ya Livingstone na mto Songwe, iko kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Mtoto wa huko hukulia nje. Akiwa mchanga yuko mgongoni, mama akipalilia mpunga pasipo kivuli. Akianza kutembea yuko ufukweni Matema, samaki wadogo waitwao usipa wakianikwa, jua likimpiga kutoka juu na mchanga ukimrudishia mwanga kutoka chini. Hata mawingu, ambayo Kyela haikosi, si kinga ya kutegemea, kwani sehemu kubwa ya mionzi inayodhuru ngozi huyapenya. Kwa watoto wengi maisha hayo ni afya tupu. Kwa mwenye XP kila siku ya namna hiyo ni hasara isiyofidika.

Ngozi ya kila mtu hudhurika juani, ndani kabisa kwenye vinasaba, na mwili una protini za kurekebisha madhara hayo, kama mvuvi anavyoshona wavu wake kila atokapo ziwani. Kwa mwenye XP matundu hayashonwi, yanaongezeka tu. Moriz Kaposi wa Vienna aliueleza ugonjwa huu mwaka 1874 kwa yale aliyoyaona kwenye ngozi. Sababu yake ilikuja kujulikana mwaka 1968, James Cleaver wa San Francisco alipoonyesha kwamba seli za wagonjwa hushindwa kujikarabati baada ya kupigwa na mionzi.

Dalili ya kwanza ni ndogo. Mara nyingi kabla ya kutimiza miaka 2, mtoto huanza kutokwa na vidoadoa vyeusi usoni, shingoni na mikononi, na baadaye vyeupe katikati yake. Ngozi hukauka, macho huwa mekundu na kuukwepa mwanga. Wengi, hasa wenye aina iitwayo XPC, hawaungui juani kwa namna ya kumshtua mzazi, na hapo ndipo wakati unapopotea. Kisha huja vivimbe: puani, kwenye kope, hata kwenye ncha ya ulimi. Utafiti wa Marekani uliofuatilia wagonjwa 106 kati ya 1971 na 2009 ulikuta saratani ya kwanza ya ngozi ikiwapata katika umri wa miaka 9 hivi.

Miaka 9, Mheshimiwa, ni mtoto wa darasa la tatu.

Wizara inaweza kujibu kwamba ugonjwa huu ni adimu mno. Ulaya Magharibi ni kweli: wagonjwa 2 hivi katika watoto milioni moja wanaozaliwa. Lakini katika kisiwa cha Mayotte, kwenye visiwa vya Komoro, watafiti walieleza mwaka 2011 kwamba wamekuta mgonjwa 1 kwa takriban kila watu 5,000, na kwamba chanzo ni badiliko moja la jeni ya XPC lililorithiwa kutoka kwa wazee wa kale. Badiliko hilohilo limeonekana baadaye kwa wagonjwa weusi wa Afrika Kusini. Kati ya Mayotte na Afrika Kusini kuna pwani ya Msumbiji, na nyuma ya pwani hiyo kuna Ziwa Nyasa na watu waliohama, kuoana na kufanya biashara kwa karne nyingi. Kudhani kwamba jeni hiyo imeruka eneo hili lote ni kujifariji. Itafutwe kwanza.

Wazazi nao wana haki ya kuambiwa ukweli. Baba na mama wote wawili hubeba jeni hiyo wakiwa wazima kabisa, na kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Hakuna aliyeroga, hakuna aliyekosea mwiko. Nchi hii imeshaona damu ikimwagika kwa imani potofu juu ya rangi ya ngozi za watu. Familia yenye mtoto wa madoa isiachwe ipambane na minong'ono peke yake.

XP haina tiba ya kuiondoa. Ina kinga, na kinga hiyo Tanzania inayo. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, ambako kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilianza mwaka 1992, hutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Njia iliyokwisha kufunguliwa kwa mafuta hayo inatosha kumpitisha na mtoto wa XP, ila jina lake liandikwe kwenye mwongozo wa matibabu wa taifa na kwenye maagizo ya Bohari ya Dawa, ili zahanati ya Ipinda isimwambie mama kwamba kopo lile ni la wenye ualbino tu.

Muuguzi wa kliniki ya watoto, anayepima uzito na kuchanja, aelekezwe kutazama uso na mikono ya mtoto na kumpa rufaa mwenye madoa ya mapema hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Uvimbe mdogo hukatwa kwa ganzi ya sehemu moja. Uvimbe uliosubiri humpeleka mtoto Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, na nauli peke yake humaliza gunia la mpunga baada ya gunia. Shuleni, mwenye XP aruhusiwe kofia pana, miwani ya jua na mikono mirefu, na asitumwe kufyeka uwanja saa sita mchana. Wenye aina ya XPC kwa kawaida hubaki na akili timamu. Wanachokosa ni kivuli.

Kyela ianze. Daktari wa ngozi kutoka Mbeya afike hospitali ya wilaya kila baada ya miezi mitatu, siku itangazwe makanisani, misikitini na kwenye magulio, na matokeo ya mwaka wa kwanza yaletwe mezani kwako kabla bajeti inayofuata haijasomwa.