Mahusiano Kazini Hayajengwi kwa Amri

Kila watumishi wa elimu wanapogoma humu nchini, mjadala huelekezwa upesi kwenye shilingi. Mshahara ni jambo zito, sikatai. Hata hivyo, naamini kwamba chimbuko la manung'uniko mengi ni jinsi wakuu wanavyohusiana na walio chini yao.

Hebu tuitazame sarufi ya ofisi zetu. Mfanyakazi huajiriwa, huhamishwa, huarifiwa, huonywa. Vitenzi hivi vyote vimo katika kauli ya kutendwa. Vile vya kutendana, kama vile kusikilizana, kushauriana na kuaminiana, ni adimu. Kiswahili hakina upungufu huo. Utawala ndio ulio nao.

Mwaka 1997 serikali iliafikiana na chama cha walimu, KNUT, kuongeza mishahara kwa asilimia 150 hadi 200 katika awamu tano. Baada ya awamu ya kwanza, ilidai kwamba haina fedha, na mwaka 1998 walimu wakagoma. Nasi wahadhiri tuligoma kwa siku 49 mwaka 2025, tukidai shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021, uliokuwa umekwisha muda wake kitambo.

Pasipo suala la nyongeza pia kasoro ni ile ile. Tume ya TSC ilipoanza mwaka 2018 kuwahamisha walimu mbali na kaunti zao, familia nyingi zilitengana. Sera hiyo ililegezwa mwaka 2022. Je, isingekuwa busara kuwashauri wahusika mapema?

Wapo watakaosema kwamba hazina ni tupu. Huenda ni kweli. Basi na isemwe kabla ya kutiwa sahihi. Ahadi ni deni. Anayenyimwa kwa uwazi huweza kustahimili, lakini aliyeahidiwa kisha akapuuzwa hupoteza imani, na imani hailipwi kwa malimbikizo. Anayeumia zaidi ni mwanafunzi, ambaye hakutia sahihi popote.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa mfanyakazi haki ya kutendewa kwa usawa, na pia ya kugoma. Mkuu mwenye hekima huitimiza ile ya kwanza ili ya pili isihitajike. Na aanze leo: afungue vitabu vya hesabu, aketi na walimu wake kila muhula, na asikilize kabla ya kuamua.