Sisi Tuliobaki na Mageti

Kabla hatujaambiwa hatuna shukrani, tuseme wenyewe kwamba pesa zinakuja. Si kila mwezi, wala hazifiki hata nusu ya zile tunazodhaniwa kupata, lakini ujumbe wa M-Pesa huingia na mwenye duka hulipwa deni lake. Hilo hatulikani. Tunacholalamikia sisi wazazi wa mtaa wa Munyaka, hapa Eldoret, ni kwamba tangu ujumbe huo uanze kuingia, hakuna anayetukubalia kulalamika juu ya jambo lingine lolote. Ukisema mgongo unauma, unajibiwa, "Si umwambie huyo wa Canada akutumie dawa?" Ukisema nyumba imekuwa kubwa, unachekwa, maana kuna wanaolia kwamba zao ni ndogo. Mtu ambaye mtoto wake amekosa kazi na anashinda kwenye stendi ya bodaboda anakutazama kama anayetazama mshindi wa bahati nasibu anayenung'unikia kodi.

Haya, tunung'unike.

Pita mtaa wowote hapa, uelekee upande wa Kapsoya, uulize. Huyu wake yuko Doha, analinda mlango wa duka. Yule wake yuko Riyadh, amefungiwa katika kazi za nyumbani za watu asioruhusiwa kuwajibu. Mwingine yuko Minnesota, mwingine Perth anakotunza wazee. Hapo kwenye wazee tuna neno. Binti yetu analipwa kwa saa kumwogesha bibi wa watu, kumkata kucha, kumsikiliza akisimulia habari ileile mara ya kumi. Mama yake mzazi anapanda bodaboda peke yake kwenda kliniki ya presha, anashikilia kadi yake kwa mkono mmoja na mgongo wa dereva kwa mkono mwingine. Hatusemi binti ana makosa. Mshahara uko kule. Ila tukikaa tukiutafakari mpango huo, tunashindwa kujua ni nani aliyeupanga.

Na bado tunaitwa Mama Fulani na Baba Fulani mtaani, wakati Fulani mwenyewe hajaonekana hapa tangu kabla ya korona.

Tuanze na siku ya kuondoka, kwa kuwa hapo ndipo tunapoanza kutozwa. Eldoret ina uwanja wa ndege wa kimataifa, uliofunguliwa 1997, na hata jiji tumekuwa tangu Agosti 2024. Ndege za mizigo kutoka Dubai zimetua hapo miaka mingi na nguo na simu zikashushwa. Lakini mtoto anayekwenda hukohuko Dubai lazima kwanza apelekwe Nairobi, zaidi ya kilomita 300. Nguo zinashukia nyumbani, watoto wanapandia ugenini. Basi tunakodi matatu. Anaingia shangazi, anaingia mchungaji, wanaingia majirani wawili ambao hawakualikwa na hakuna wa kuwashusha. Kibuyu cha mursik kinafungwa kwenye begi na kila mtu anajua hakitafika. Uwanjani Jomo Kenyatta askari anauliza tiketi, na asiye nayo anabaki nje. Baada ya miaka ishirini na kitu ya kulea, unachopata ni mgongo wa mtu anayesukuma kitoroli.

Kisha kuna kurudi, ambako hakuna anayekuzungumzia. Matatu ileile, kiti kimoja kitupu, baridi ya Timboroa inaingia dirishani usiku, na kabla ya kufika Burnt Forest mtu ameshaanza kuuliza nani alilipia mafuta. Mtoto alikuwa na wakala wa viza, alikuwa na kijana wa saiba wa kumjazia fomu, alikuwa na daktari wa kumpima na mwalimu wa kumfundisha mtihani wa Kiingereza. Kila hatua ilikuwa na mtu wake na bei yake. Sisi tuliporudi nyumbani alfajiri hiyo hapakuwa na mtu yeyote wa kutuambia tufanye nini na kitanda chake.

Serikali nayo inafurahi kuliko sisi. Tuna idara nzima ya masuala ya diaspora, iliyoundwa 2022, nayo ina Katibu wake. Kila mwaka tunasomewa hesabu: 2024 Wakenya walioko nje walituma karibu dola bilioni 4.9, na tunaambiwa kwa fahari kwamba chai haifui dafu tena. Uingereza ilisaini mkataba wa wauguzi mwaka 2021. Ujerumani ikasaini wa wafanyakazi Septemba 2024, viongozi wakapeana mikono Berlin. Kati ya makofi yote hayo hatujasikia neno moja kuhusu mzazi. Chai ikisafirishwa mkulima anajulikana. Ana namba na ana kiwanda, na ana bonasi ya kugombania. Sisi tulioilea hii bidhaa nyingine hata mwaliko wa kikao hatupati. (Jirani yetu mmoja anasema afadhali hivyo. Wakitujua watatutoza ada.)

Na tusijifanye tumesahau Finland. Mwaka 2021 kaunti yetu ya Uasin Gishu ilianza mpango wa kupeleka vijana kusoma Finland na Canada. Fedha tulilipa sisi wazazi, kaunti ikazipokea na kuahidi kuzifikisha vyuoni. Shamba likauzwa, ng'ombe akauzwa, chama kikakopesha. Wapo walioondoka, na baadhi yao wakajikuta kule wakidaiwa karo ambayo nyumbani ilishalipwa. Wengine hawakuondoka kabisa. Agosti 2023 wazazi walikuwa barabarani mjini Eldoret, watu wazima wenye skafu na fimbo, wakidai pesa zao. Kesi ikafika mahakamani Nakuru, waliofikishwa pale wakakana mashtaka, na tangu hapo tumejifunza maneno mengi ya kisheria ambayo hatukuyahitaji.

Ukweli ni kwamba mambo ya Finland yalituchanganya hata katika kulalamika. Kuna mama aliyekuwa akilia kwa sababu mtoto ameondoka, na ng'ambo ya ua kuna mama aliyekuwa akilia kwa sababu wake hakuondoka. Yule wa pili ndiye aliyekuwa na kazi ngumu zaidi. Ana kijana mkubwa chumbani, begi chini ya kitanda, koti zito la mtumba limetundikwa mlangoni katika mji usio na theluji, na hakuna anayemuuliza kitu kwenye chakula cha jioni. Wale wawili walikuwa marafiki. Kwa muda hawakusalimiana vizuri.

Simu, basi. Tunaambiwa dunia imekuwa ndogo. Labda kwa wenye bando. Wa Alberta anaamka sisi tukila chakula cha jioni, na anapopata nafasi ya kupiga kwetu ni saa nane za usiku. Unapokea ukiwa na kitambaa kichwani, umeshika simu karibu mno, naye anaona paji la uso tu na taa ya stima. Wa Finland majira yao ya joto saa zao ni zetu kabisa, na wa Riyadh saa zake ni zetu mwaka mzima, dakika kwa dakika. Lakini huyo wa Riyadh ndiye tusiyemsikia. Simu inakaa kwa mwajiri, pasipoti pia iko kwa mwajiri, na anapiga Ijumaa kwa kunong'ona akiwa bafuni. Wakati serikali yenyewe ilipokiri 2021 kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefia Saudia katika muda wa miaka miwili tu, wakala wa hapa mjini alituambia hao ni wale waliokwenda bila wakala. Tukamwamini, kwa sababu mtoto alikuwa ameshapanda ndege na kutomwamini kungetusaidia nini.

Wanasema wako sawa. Sisi nasi tunasema tuko sawa. Baba hajawaambia habari ya sukari, mwana hajatuambia kwamba amefukuzwa kazi ya kwanza na sasa anapakia maboksi usiku. Tunakaa tukitazamana kwenye kioo, waongo wawili wanaopendana, mpaka mtandao unapokwama na kutuokoa.

Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF ilipoondolewa na SHA ikaingia, nani alitusajili? Watoto, kutoka huko huko waliko. Usiku wa manane namba za siri zinatumwa kwenye simu ya mama, mama anatafuta miwani, anasoma namba mojamoja kwa sauti, zinakwisha muda, zinatumwa nyingine. Mtaa mzima ulisikia. Kijana wa saiba angefanya kwa shilingi mia, lakini mtoto alisema hamwamini, na kweli alitaka kufanya kitu. Tulimwachia.

Sasa pesa. Mzazi mwenye mtoto nje hana bei ya kawaida katika mtaa huu. Fundi akija kutazama bomba, anatazama kwanza picha ukutani. Mchango wa kanisa ukitangazwa, macho yanageuka. Kamati ya mazishi inakuweka kwenye bajeti kabla hujajua ni nani aliyefariki. Katika chama tulipandishiwa hisa na hakuna aliyetuuliza, na tulipouliza sisi, mweka hazina akacheka tu. Hawajui kwamba yule wa Canada analipa kodi ya nyumba, analipa mkopo aliopandia ndege, na amehesabu pesa ya chakula hadi senti. Wala hatuwezi kuwaambia, maana ukisema mtoto wako anabanwa huko, habari itamfikia mama mkwe wake mtarajiwa kabla ya jua kuzama.

Wapo kati yetu, tuseme bila kutaja, waliotumiwa pesa za kujenga wakawa wanatuma picha za nyumba ya jirani. Hao wajitetee wenyewe.

Waliojenga kweli wamejenga mageti. Tembea Munyaka uone. Mageti marefu meusi yenye mikuki ya dhahabu juu, vigae mpaka nje kwenye ngazi, roshani ya kukalia watu sita, taa za usalama zinazowaka paka akipita. Ndani kuna bibi mmoja na mbwa. Bibi anaishi jikoni na chumba kimoja. Vyumba vingine anavifungua Jumamosi kupiga deki. Mtoto alisema, "Mama, nataka ukae vizuri." Anakaa vizuri. Bado anapika ugali wa watu wanne, na wa jana uko kwenye sahani umefunikwa.

Tena kuna jambo ambalo watoto, kwa vile walikuwa wadogo, hawalijui sawasawa. Baadhi yetu nyumba zetu za kwanza hapa ziliteketea Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi. Tulilala kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho wa Eldoret tukiwa na watoto hao hao migongoni, na ndugu zetu wakatuita turudi walikotoka babu zetu, kisha wakachoka kutuita. Tulirudi Munyaka. Tulianza na mabati yaliyoungua na msingi uliobaki. Kila aliyetuuliza kwa nini tunarudi mahali pa namna ile alipewa jibu moja: hapa ndipo kwao watoto. Kwa sababu ya jibu hilo tulibishana na waume zetu, na wake zetu, na wazee wa ukoo. Sasa kijana anapiga simu Jumapili, baada ya kuuliza afya na mvua, anauliza kwa upole kama hatujafikiria kuiuza ploti, bei ya ardhi ikiwa imepanda hivi, tutafute mahali padogo patulivu. Hana nia mbaya, na hesabu yake ni sahihi. Tunamwambia mtandao unakatika.

Nao walioondoka hawatatusikiliza, tunajua. Walio hapa ndio kabisa. Jumamosi hii kuna mchango mwingine wa viza, nyumba ya tatu kutoka kanisani, msichana wa watu mwenye adabu, anakwenda Ujerumani kuwa muuguzi. Kadi imeshaletwa. Kiwango cha chini kimechapishwa 2,000, na sisi wenye watoto nje tumeongezewa pembeni kwa kalamu, 5,000. Tutakwenda, tutakula pilau, tutamwombea. Lakini hiyo kalamu ilishikwa na nani, lazima tujue kabla ya Jumamosi.