Chombo Kinachomhitaji Mpigaji



Parokia nyingi zikipata fedha za muziki hununua kinanda cha umeme chenye midundo iliyokwisha kutengenezwa. Unabonyeza kitufe, ngoma zinalia, besi inatembea yenyewe. Sisi waseminari tunaosoma falsafa tunaona lipo swali la kujiuliza kabla ya harambee nyingine: je, chombo hicho kinamsaidia mtu kupiga, au kinapiga badala yake?

Swali hilo tumelipata Nungwi, ambako bendi hupiga hotelini kando ya ufukwe. Huko tuliona besi ya kusimama ya umeme. Mama yake mnamjua: ile besi kubwa ya mbao, ndefu kuliko mpigaji wake, ambayo husimama nyuma ya fidla na ganuni katika vikundi vya taarab vya Unguja kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club. Ya umeme ina nyuzi nne na shingo ndefu vilevile, ila haina tumbo. Mwili wake ni mwembamba, na kifaa kidogo hunasa mtetemo wa nyuzi na kuupeleka kwenye amplifaya.

Tumbo limeondolewa kwa sababu ya kazi, si kwa urembo. Noti ya chini kabisa ya besi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Ukiisimamisha besi ya mbao karibu na dramu na spika, tumbo lake hupokea sauti ya spika na kuirudisha tena kwenye kipaza sauti, mpaka ukumbi mzima unavuma. Bila tumbo, shida hiyo hupungua sana. Ndiyo maana Baby Bass, iliyotolewa na kampuni ya Ampeg ya Marekani mwaka 1962, ilipendwa sana na bendi za salsa.

Lakini angalieni kilichobaki. Shingoni hakuna vyuma vya kuonyesha mahali pa noti. Kidole kikikosea kidogo tu, sauti imepotoka. Basi mpigaji hana budi kusikiliza. Waimbaji wakishuka sauti, anashuka nao. Wakivuta pumzi, anawangoja. Umeme umeingia, na mtu hakutolewa. Mdundo wa kitufe haumngoji mtu.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba shoka hukata kwa makali yake lenyewe, lakini hutengeneza kitanda kwa kuwa linaongozwa na ufundi wa seremala. Mafundi wa majahazi wa Nungwi wangemwelewa mara moja: tezo ni kali, lakini haijui jahazi. Chombo ni chombo kwa sababu kuna mkono unaokiongoza. Mkono ukiondoka, kinachobaki ni mashine tu.

Taarab yenyewe imeliona jambo hili. Katika miaka ya 1990 rusha roho ilipovuma, kinanda cha umeme kilichukua nafasi ya vyombo vingi. Watu walicheza na kufurahi, hatukatai. Lakini kila chombo kilichoondoka kiliondoka na kijana ambaye angejifunza kukipiga.

Wapo watakaosema kwamba besi ya umeme ni ya baa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya liturujia ya mwaka 1963, uliipa ogani ya mabomba heshima ya pekee, kisha ukaruhusu vyombo vingine kwa idhini ya mamlaka husika, mradi vifae kwa matumizi matakatifu, viendane na hadhi ya hekalu na viwajenge waamini. Besi ikipigwa kwa sauti ya chini, ikiwabeba waimbaji bila kuwafunika, inaweza kutimiza masharti hayo. Baa si sifa ya nyuzi. Ni suala la namna ya kupiga.

Wengine watasema hatuna wapigaji, na kinanda kimeokoa kwaya nyingi ndogo. Ni kweli, nasi hatusemi kitupwe. Tunasema midundo yake izimwe, na fedha zinazofuata zimfundishe mtu. Mjini Unguja kuna chuo cha muziki, DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kinachofundisha taarab na vyombo vyake. Hata gitaa la besi la kawaida linatosha kwa kuanzia.

Tena wapigaji wengine tunao tayari. Vijana wetu waliotoka bara kutafuta riziki hotelini hupiga Jumamosi usiku mbele ya watalii, na Jumapili huketi kiti cha nyuma kanisani huku mashine ikipiga. Hakuna aliyewaomba. Mapadre, viongozi wa kwaya, waombeni Jumapili hii.