Nusu saa ya kwanza ni ya nani?

Dereva mmoja wa tangi la mafuta, mtu wa makamo kutoka Mombasa, nilimkuta Naluwerere, pale Bugiri, akinywa chai ya rangi huku akingoja matairi yapoe. Nikamuuliza ni wapi anapopaogopa zaidi kati ya Malaba na Jinja. Nilidhani atanitajia kilima au kona.

"Mwanangu, si mahali," akasema. "Ni mvua ya kwanza. Ikinyesha siku tatu mfululizo barabara inaoshwa, hiyo naimudu. Lakini ile ya dakika kumi baada ya kiangazi, hiyo ndiyo inayotuzika."

Fundi yeyote atakubaliana naye. Miezi ya jua vumbi hulala juu ya lami pamoja na dizeli iliyodondoka na unga wa mpira uliosagika kwenye matairi. Matone ya kwanza yakivikoroga, lami huteleza kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Nchi za baridi zina barafu yao, sisi tuna hii. Lori lenye tairi kipara likifunga breki hapo, trela husukuma kichwa na gari zima hujikunja kama kisu. Tangi lisilojaa ni hatari zaidi, kwa sababu mafuta husukasuka ndani yakaendelea kulivuta gari upande mmoja hata baada ya dereva kunyoosha usukani. Na bado wako wanaotia nyutro kwenye mteremko ili wabanie dizeli. Anayeshuka hivyo kutoka Kapchorwa kuelekea Mbale amejinyima breki ya injini, na breki za magurudumu zikishapata moto hana kingine cha kumshikilia.

Ukipita Kakira kuelekea Iganga usiku, kuna jambo jingine. Trekta la miwa limeharibika katikati ya njia, halina taa wala kiakisi mwanga, na tahadhari pekee ni matawi mawili matatu yaliyotupwa nyuma yake. Matawi hayo yakilowa mvua, dereva anayekuja huyaona akiwa amekwisha kuyakanyaga.

Haya si mageni. Polisi wanayasema kila mwaka wanapotoa ripoti, na idadi imekuwa ikipanda: waliokufa katika ajali za barabarani Uganda walikuwa 4,806 mwaka 2023, na mwaka 2024 wakafika 5,144. Tunabishana sana kuhusu mwendo kasi, faini na leseni, na ni haki tubishane. Lakini kuna swali tunalolipita haraka mno. Lori likishalala ubavu, nusu saa ya kwanza ni ya nani?

Kwa sheria ni ya polisi na wahudumu wa afya. Kwa hali ilivyo ni ya waendesha bodaboda, akina mama wanaochoma gonja kando ya njia na vijana wanaorudi shamba. Kutoka Jinja hadi Mbale kwa njia ya Tirinyi ni kama kilomita 140, na hospitali kubwa za rufaa ziko kwenye ncha mbili za safari hiyo. Katikati, majeruhi akibahatika hupanda kabangali, ile pikapu ya polisi, akalazwa juu ya bati.

Jioni moja ya mvua, karibu na Nakalama, lori la soda lilipinduka mbele ya basi tulilopanda. Tuliposhuka watu walikuwa wamekwisha kufika. Kijana mmoja alikuwa na kreti begani, anaondoka nayo. Sauti ikatoka ndani ya kichwa cha lori. Kijana akasimama, akaitua kreti matopeni taratibu, akapanda juu ya mlango na kumtoa taniboi. Alimvuta kwa mkono mmoja, kama mtu anavyovuta gunia la mahindi stoo, na mguu uliovunjika ukaburutika juu ya vioo. Yule taniboi alipiga ukelele ambao sijausahau. Kijana naye alikuwa analia.

Tangu siku ile siwezi tena kusikiliza hotuba zinazofuata misiba yetu. Sachangwan nchini Kenya, Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea wakichota mafuta. Sange, Kongo ya mashariki, Julai 2010, zaidi ya 200. Namungoona, Kampala, Juni 2013. Morogoro, Agosti 2019. Kigogwa, Wakiso, Oktoba 2024. Kila mara tunaambiwa wananchi wana tamaa, wawekewe askari wengi zaidi. Mimi nasema mwizi wa kreti na mwokozi wa taniboi ni mtu mmoja. Alifanya mema kwa kadiri ya ujuzi wake, na ujuzi huo ulikuwa mdogo kwa sababu hakuna aliyejishughulisha kumfundisha.

Kufundishwa kunawezekana, na si mbali na pale. Mwaka 2016 waendesha bodaboda 154 wa Iganga walipewa mafunzo ya huduma ya kwanza: kuzuia damu, kufunga gango mguu uliovunjika, kumhamisha majeruhi bila kumwongezea maumivu. Hawa ni watu ambao tayari wako kila kona, wana chombo cha usafiri, na hufika kabla ya yeyote. Ningetaka mafunzo ya namna hiyo yawe sharti la kila steji kuanzia Malaba hadi Jinja, na kutoka Nakalama hadi Mbale, kisha yaongezewe somo la mafuta.

Maana petroli ina siri mbaya. Mvuke wake hauonekani na ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kujaa mitaroni, palepale watu wanaposimama na madumu yao. Pikipiki ikipigwa stata hatua kadhaa kutoka kwenye tangi inatosha kuuwasha. Kwa utaratibu wa kimataifa tangi hubeba kibao cha rangi ya machungwa: nambari 1203 ni petroli, 1202 ni dizeli. Mtu wa steji anaweza kufundishwa kukisoma kwa dakika mbili.

Anayejua zaidi kilichomo ni dereva, lakini yeye mara nyingi amekwisha kukimbia. Anaogopa kupigwa na umati, na hofu yake ina sababu. Tunapowapiga madereva tunafukuza mtu pekee ambaye angeweza kutuambia tusogee mbali, na wanaolipia kosa hilo ni watoto wetu waliosogea kutazama.

Wapo wanaonipinga, na hoja yao ni nzito: hii ni njia ya kumbebesha raia maskini kazi ya serikali. Mwenye bodaboda aliyeacha abiria ili aokoe mtu hulala njaa, hana bima, na akigusa damu hakuna anayemuuliza hali yake kesho. Nakubali. Ndiyo maana sitaki mafunzo peke yake. Sheria inawadai wenye magari bima ya lazima. Sehemu ya fedha hizo inunue glavu, bandeji na machela kwa kila steji, na imfidie aliyepoteza siku yake. Wenye matangi nao wachangie, kwa kuwa mzigo wanaoupitisha mbele ya nyumba zetu unaweza kutuua. Magari ya wagonjwa yanahitajika vilevile, lakini gari likitoka Jinja au Mbale, yule aliyekatika mshipa ana dakika chache tu, na dakika hizo zimo mikononi mwa aliye karibu naye.

Juma lililopita nilipita steji ya Nakalama nikauliza nani ana glavu. Walikuwa kumi na wawili. Mmoja akainua kiti cha pikipiki yake, akatoa jozi moja iliyofungwa kwenye mfuko wa mkate. Alisema amezinunua mwenyewe duka la dawa, na kwamba hajui afanye nini majeruhi wakiwa wawili.