Mashine ya kufulia itakayodumu ni ile inayofunguka

Mwaka 2000 kampuni ya Dyson ya Uingereza iliingiza sokoni mashine ya kufulia yenye mapipa mawili yanayozunguka kinyume. Bei yake ilikuwa kubwa mno, ikaondolewa miaka michache baadaye, na leo wakusanyaji wa mashine za kale huitafuta. Lakini kuadimika si kudumu.

Kati ya mashine za sasa, Miele W1 ya Ujerumani hujaribiwa kiwandani kwa matumizi sawa na miaka 20. Nchini Marekani, Speed Queen ilibadilisha mashine zake za kujazwa juu mwaka 2018. Wateja walilalamika kuwa nguo hazitakati, ndipo ikarejesha mfumo wa zamani kwa jina la TC5.

Nyingine nyingi zina tangi la plastiki lililounganishwa kwa moto. Beringi, spea ndogo tu, ikiisha, fundi hana pa kuifikia. Mwenye mashine hununua tangi zima, kwa bei inayokaribia ya mashine mpya. Tangu Machi 2021 Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji wawe na spea kwa miaka 10, ila unawaruhusu kuuza beringi pamoja na pipa lake. Hapo mnunuzi hajasaidiwa sana.

Anayetafuta mashine ya mtumba kwa kazi ya udobi aangalie kwanza kama tangi limefungwa kwa skrubu, kisha azungushe pipa kwa mkono. Likinguruma, beringi imekwisha.