Ushauri wa Bwana Shamba: Kutu Hula Gari Kutoka Chini



Mwezi huu hatuzungumzi juu ya kahawa wala mahindi. Tunazungumza juu ya gari linalobeba kahawa na mahindi yetu.

Hapa Mapera, na pande zote za Mbinga, magari mengi ni ya zamani. Land Rover za miaka mingi bado zinapanda milima yetu. Wakati wa mvua zinabeba mbolea. Wakati wa mavuno zinabeba kahawa. Mama akishikwa na uchungu usiku, gari hilo hilo ndilo linalompeleka hospitali.

Injini ya gari ikiharibika, fundi huifungua na kuitengeneza. Gurudumu likiisha, hununuliwa jingine. Lakini chuma kilichoshikilia gari lote kikioza, gari limekwisha. Adui huyo ni kutu. Tumfahamu, kisha tumzuie.

KUTU NI NINI?

Kutu hutokea pale chuma, maji na hewa vinapokutana. Kimoja kikikosekana, kutu haipatikani.

Tazama jembe lako. Wakati wa kulima ngoro, jembe hung'aa. Udongo hulisugua kila siku. Kazi ikiisha, ukilitupa nyuma ya nyumba likiwa na udongo mbichi, baada ya siku chache limekuwa jekundu. Udongo ule umeshika maji, na maji yamekaa juu ya chuma.

Gari ni kama jembe. Tofauti ni moja tu. Jembe unaliona lote. Gari unaliona juu, lakini matope yako chini.

CHUMVI INAYOTOKA DUKANI

Chumvi huongeza mwendo wa kutu. Watu wa Dar es Salaam na Tanga wanalijua jambo hili. Upepo wa bahari una chumvi, kwa hiyo mabati na magari yao huharibika mapema.

Sisi hatuna bahari. Ziwa Nyasa ni la maji baridi, si la maji ya chumvi. Je, tumepona? Hapana. Chumvi tunayo, na tunainunua wenyewe kwa mifuko ya kilo 50.

Wazee waliita mbolea ya dukani "mbolea ya chumvichumvi". Jina hilo ni la kweli. Mbolea kama CAN, SA na DAP ni aina za chumvi. Si chumvi ya kula, lakini nazo hula chuma. Tena mbolea huvuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo sababu mfuko ulioachwa wazi huloa na kushikana mabonge. Mfuko ukipasuka garini, punje huingia katika nyufa za sakafu. Hata jua likiwaka, ndani ya nyufa hizo kuna unyevu wa chumvi unaokula chuma usiku na mchana.

Kahawa mbivu nayo ina madhara. Ikibebwa kwenda kumenywa, hutoa maji machachu. Maji hayo yakikauka juu ya chuma bila kuoshwa, hukiharibu.

BODI HUDANGANYA

Wako wenye Land Rover wanaosema, "Gari langu halina kutu. Tazama bodi yake." Ni kweli, sehemu kubwa ya bodi haina kutu. Lakini asikudanganye mtu kwamba gari lote ni zima.

Land Rover zilianza kuuzwa mwaka 1948, zikitoka Uingereza. Wakati ule vita kuu vilikuwa vimekwisha karibuni, na chuma kilikuwa haba nchini humo. Kwa hiyo watengenezaji walitumia alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Alumini ndiyo madini ya sufuria zetu. Wewe mwenyewe unajua kwamba sufuria haioti kutu nyekundu.

Lakini chesisi ni ya chuma. Chesisi ni ile mihimili ya chini inayobeba injini, bodi na mizigo. Mihimili hiyo ni kama mwanzi, ndani ni wazi. Maji na matope huingia ndani na kukaa. Kutu huanza huko ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Ukiona tundu kwa nje, ujue ndani kutu imekula siku nyingi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jambo jingine: mahali alumini inapogusana na chuma na kuwa na maji, alumini nayo huharibika. Hugeuka unga mweupe. Ukiona unga huo karibu na misumari ya bodi, ujue maji yanakaa hapo.

Land Rover za umbo lile la zamani hazitengenezwi tena. Ya mwisho ilitoka kiwandani Januari 2016. Basi hizi tulizo nazo tuzitunze.

FANYA HIVI

1. Fagia kabla ya kuosha. Ukishusha mbolea, kwanza fagia punje zote zikiwa kavu. Kisha osha sakafu kwa maji mengi. Maji machache huyeyusha chumvi tu na kuiingiza ndani zaidi.

2. Osha chini ya gari. Wakati wa mvua fanya hivyo kila wiki. Toa matope ndani ya madigadi, juu ya chesisi na nyuma ya magurudumu. Tumia kijiti kwanza, halafu maji. Simamisha gari mahali tambarare na uweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tu.

3. Usioshe gari mtoni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Oili na mbolea ukiziacha mtoni, wenzako walio bondeni watazinywa.

4. Zibua matundu ya maji. Chini ya chesisi na chini ya milango kuna matundu madogo. Yamewekwa ili maji yatoke. Yakiziba kwa matope, maji hukaa ndani. Yazibue kwa waya.

5. Kausha. Acha milango wazi, gari lipate upepo na jua. Toa mikeka, magunia na turubai bichi. Gari lililofunikwa kwa turubai bichi huoza kuliko gari lililoachwa wazi.

6. Kwangua kutu ndogo mapema. Sugua kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, mpaka uone chuma cheupe. Futa vumbi. Paka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, chuma kikiwa kikavu. Ikikauka, paka rangi ya juu. Kupaka rangi juu ya kutu ni kazi bure. Kutu huendelea chini yake, huvimba na kuibandua rangi.

7. Paka mafuta mahali brashi ya rangi haifiki. Mvua zikiisha na gari likiwa kavu kabisa, paka grisi au oili safi kwenye chesisi. Oili chafu ya injini si nzuri. Ina uchafu unaoweza kula chuma, na ikidondoka huharibu udongo. Mafuta yasiguse breki, mipira wala bomba la moshi. Breki yenye mafuta haishiki, na bomba la moshi likiwa na mafuta laweza kuwaka moto.

BREKI NI UHAI

Watu wa Mapera tunaujua mteremko. Kutoka milima ya Umatengo hadi Mbamba Bay, gari hushuka mamia ya mita mpaka ziwani. Katika safari hiyo abiria wote wanategemea breki.

Katika magari mengi ya zamani, mafuta ya breki hupita katika vibomba vyembamba vya chuma vilivyofungwa kwenye chesisi. Matope hujificha nyuma ya vifungo vyake, na kutu hula hapo. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, kibomba kilichooza hupasuka. Mara nyingi hupasuka mteremkoni, kwa sababu huko ndiko breki hukanyagwa sana.

Kwa hiyo, kabla ya safari, kanyaga breki kwa nguvu gari likiwa limesimama. Ikizama polepole chini ya mguu, usiondoke. Tazama kama kuna mafuta yaliyomwagika karibu na magurudumu. Kibomba chenye kutu iliyovimba kibadilishwe na fundi. Usikifunge kwa mpira.

Chesisi nayo ipimwe kwa nyundo ndogo. Igonge taratibu kila mahali. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti nzito, au nyundo hutoboa. Fundi akate sehemu yote mbovu mpaka afike kwenye chuma kizima, ndipo achomelee kipande kipya. Kipande kilichobandikwa juu ya kutu huonekana kizuri tu, hakibebi mzigo.

Kazi hizi nyingi zinahitaji fagio, kijiti, maji na brashi ya waya. Saa moja kila wiki inatosha. Kama gari ni la kikundi, wekeni zamu na muiandike ukutani, kila mtu aisome siku yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni vitu gani vitatu vikikutana huleta kutu?
2. Kwa nini tufagie mbolea kabla ya kumwaga maji?
3. Bodi ya Land Rover haina kutu. Je, hiyo ina maana kwamba gari ni zima?
4. Gari linalotumika kijijini kwenu lilioshwa chini lini? Nani atalikagua wiki hii?